Utando wa utumbo hautulii: jinsi seli zake zinavyosafiri na kujijenga upya

Aliyewahi kutafuta ushauri wa tumbo mtandaoni amekutana na madai mawili, mara nyingi katika tangazo lilelile. La kwanza: kuta za utumbo zimegandiwa na uchafu wa miaka mingi ambao lazima ubanduliwe kwa dawa ya kusafisha. La pili: utumbo umetoboka, unavujisha sumu kwenye damu, na huko ndiko unakotoka uchovu, chunusi, maumivu ya viungo na kila ugonjwa usio na jina. Madai yote mawili yanauchukulia utumbo kama bomba lililokwisha kutengenezwa, ambalo kazi iliyobaki ni kuchakaa, kuziba na kutoboka.

Hapo ndipo kosa lilipo. Upande wa ndani wa utumbo umefunikwa na tabaka moja tu la seli, na tabaka hilo liko safarini usiku na mchana. Seli nyingi zinazofyonza mlo wako wa leo hazikuwapo wiki iliyopita, na wiki ijayo hazitakuwapo. Ajabu ni kwamba zinasafiri huku zimeshikana bila kuacha mwanya. Ukielewa zinavyofanya hivyo, matangazo yale yanapoteza nguvu yenyewe, na mambo mengine mazito zaidi, kama kuhara damu, saratani ya utumbo mpana na madhara ya dawa za saratani, yanaanza kueleweka.

Vishimo na vijidole

Tuanze na umbo. Upande wa ndani wa utumbo mwembamba si laini. Umejaa vichomozo vyembamba vyenye urefu wa kati ya nusu milimita na milimita moja. Hapa nitaviita vijidole. Chini yake, kuzunguka shina la kila kijidole, kuna mashimo madogo yanayozama ukutani. Hivyo ni vishimo. Utumbo mpana una vishimo lakini hauna vijidole. Mwanaanatomia Mjerumani Johann Nathanael Lieberkühn alivieleza vishimo hivi mwaka 1745, na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake.

Mikunjo hiyo inaongeza sana eneo la kufyonzea chakula, ingawa si kwa kiasi kilichozoeleka kutajwa. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba utumbo ukikunjuliwa wote unaenea uwanja mzima wa tenisi. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Sweden, Helander na Fändriks, walipima upya wakapata wastani wa mita za mraba 32 kwa njia nzima ya chakula, na katika hizo utumbo mpana una kama 2 tu. Hata hivyo eneo hilo linaizidi ngozi yote ya mwili mara nyingi.

Eneo lote hilo la utumbo limefunikwa kwa unene wa seli moja. Seli ya kufyonza chakula ina urefu wa kama mikromita 20, yaani seli 50 zikisimamishwa moja juu ya nyingine ndipo zifike milimita moja. Upande mmoja wa seli hiyo kuna chakula, vimeng'enya na matrilioni ya bakteria. Upande wa pili, umbali mfupi tu, kuna mishipa ya damu. Miongoni mwa seli za kufyonza zimo nyingine zinazotoa ute, zinazotoa homoni, na zinazotengeneza kemikali za kuua vijidudu, lakini makala hii inashughulika na hizi za kufyonza, kwa kuwa ndizo nyingi kuliko zote.

Safari inaanzia shimoni

Katika sakafu ya kishimo hukaa seli shina. Hizi ndizo zinazobaki nyumbani. Seli shina ikigawanyika, kwa wastani mmoja wa watoto wake hubaki palepale na mwingine huanza kupanda. Akiwa bado kishimoni anagawanyika tena mara kadhaa, kisha anaacha kugawanyika, anachukua kazi yake ya kudumu, anatoka kwenye mdomo wa kishimo na kupanda ubavuni mwa kijidole. Akifika kileleni anasukumwa nje, anaangukia ndani ya utumbo na kuondoka na kinyesi. Safari nzima huchukua siku 3 hadi 5.

Charles Leblond na Catherine Stevens walionyesha mwaka 1948, wakitumia panya, kwamba utando huu hujifanya upya mfululizo. Seli shina zenyewe zilichelewa kutambuliwa kwa uhakika. Mwaka 2007 kundi la Hans Clevers nchini Uholanzi lilizitambua kwa alama ya protini inayoitwa Lgr5, na miaka miwili baadaye, 2009, maabara hiyohiyo ikaonyesha kwamba seli shina moja, ikilelewa ndani ya jeli yenye virutubisho vinavyofaa, huotesha kiutumbo kidogo chenye vishimo vyake. Sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kuhusu mwendo wa seli hizi yametokana na kuvitazama viutumbo hivyo chini ya hadubini.

Wingi wa seli zenyewe unashtua. Ron Sender na Ron Milo walikadiria mwaka 2021 kwamba mwili wa mtu mzima hubadilisha seli kama bilioni 330 kila siku. Nyingi ni za damu, lakini kama asilimia 12, yaani takriban bilioni 40, ni za utando wa utumbo. Kwa kuwa seli za utumbo ni kubwa kuliko za damu, kwa uzito zinakaribia nusu ya gramu 80 ambazo mwili hubadilisha kwa siku.

Sasa turudi kwenye lile dai la uchafu ulioganda. Ungegandia wapi? Sakafu yenyewe inahama na kumwagwa ndani ya wiki moja, na juu yake kuna ute unaotengenezwa bila kukoma na kusombwa pamoja na chakula. Madaktari wanaoingiza kamera ndani ya utumbo mpana uliokwisha kusafishwa kwa dawa ya kuharisha huona ukuta wa waridi unaong'aa, hawaoni magamba ya miaka. Zile kamba nyeusi ndefu ambazo watu huzipiga picha baada ya kutumia bidhaa za kusafisha mara nyingi ni bidhaa yenyewe: maganda ya mbegu aina ya silium na udongo wa bentonaiti, vikikutana na maji, hufanya ute mzito unaochukua umbo la utumbo. Unachokiona ndicho ulichokimeza.

Zinasukumwa, au zinatembea zenyewe?

Swali hili liliwagawa wanasayansi kwa miongo mingi, na mimi naliona kuwa ndilo tamu kuliko yote katika mada hii.

Maelezo ya kwanza yalikuwa rahisi. Chini kishimoni seli zinaongezeka, nafasi haiongezeki, basi za chini zinazisukuma za juu. Kama ni hivyo, seli iliyo kwenye kijidole haina kazi ya kufanya ili isogee. Inabebwa tu na msukumo kutoka chini.

Tatizo likaonekana pale watafiti walipozuia kugawanyika kwa seli. Mwaka 1986 Kaur na Potten walichunguza utumbo wa panya ambao seli zake zilikuwa zimezuiwa zisigawanyike, wakakuta kwamba seli zilizokuwapo ziliendelea kupanda. Kilichodhaniwa kuwa ndicho chanzo cha msukumo kilikuwa kimesimama, na mwendo haukusimama.

Mwaka 2019 kundi la Danijela Vignjevic katika Institut Curie mjini Paris lilileta jibu lenye picha. Walipotazama sehemu ya chini ya seli za kijidole, pale zinapogusana na sakafu yake, waliona kila seli imetoa kichomozo chembamba kinachoelekea kileleni, kikiwa kimejaa nyuzi za protini iitwayo aktini. Walipozuia mashine inayojenga nyuzi hizo, seli zilipunguza mwendo. Kwa hiyo majibu yote mawili yana ukweli, kila moja mahali pake: ndani ya kishimo msukumo wa seli zinazozaliwa unatosha, na kwenye kijidole seli hutambaa kwa nguvu zake. Kwa juu, upande wa chakula, seli inaonekana imesimama wima na kutulia kabisa, kumbe kwa chini inajivuta.

Kiunzi kinachofumuliwa huku kinatumika

Seli isiyo na mifupa wala misuli inajivutaje? Kwa kiunzi chake cha ndani. Kiunzi cha seli ni mtandao wa nyuzi za protini unaoipa seli umbo, unaoizuia isipasuke na unaoiwezesha kusogea. Ukitaka kukiona akilini, fikiria hema. Hema lina nguzo za kulisimamisha, kamba za kulivuta pande zote, na kitambaa kigumu kisichochanika upesi. Halina ugumu wa jengo la mawe, lakini linasimama kwa sababu mvutano wa kamba na ukinzani wa nguzo vimelingana. Legeza kamba za upande mmoja, kaza za upande mwingine, na hema zima litainama bila kuanguka.

Kamba za seli ni nyuzi za aktini, zenye unene wa nanomita 7 (nanomita elfu moja hufanya mikromita moja). Nguzo ni vijirija vya protini ya tubulini, vyenye unene wa nanomita 25, ambavyo katika seli za utumbo husimama kutoka juu kwenda chini na kutumika pia kama njia za kusafirishia mizigo. Kitambaa kigumu ni nyuzi za keratini, za nanomita 10, ndugu wa protini inayotengeneza nywele na kucha. Zaidi ya hapo hema halitusaidii tena, kwa sababu hakuna hema ambalo kamba zake huyeyuka na kufumwa upya kila dakika.

Aktini ndiyo inayofanya hivyo. Uzi wake umeundwa na vipande vidogo vya duara vilivyopangana. Ncha moja ya uzi huongezewa vipande vipya kwa kasi, ncha nyingine hupoteza vya zamani, na vilivyoanguka hurudi kutumika tena. Uzi ukiongezwa kwa mbele huku mbele yake kuna ngozi ya seli, ngozi hiyo inasukumwa nje, na kichomozo kinatokea. Seli ina protini za kuamua lini na wapi. Zipo zinazootesha matawi juu ya uzi uliopo, nazo huitwa Arp2/3. Hizi ndizo zilizozuiwa katika lile jaribio la Paris. Zipo zinazorefusha uzi mnyoofu, na zipo zinazokata nyuzi kuukuu. Juu ya zote kuna swichi ndogo za protini, maarufu kati yake zikiwa Rho, Rac na Cdc42. Kwa ufupi kabisa, Rac huamrisha kichomozo kipana, Cdc42 huamrisha vichomozo vyembamba na mwelekeo, na Rho huamrisha kukaza.

Kukaza kunafanywa na miosini, protini ya jamii ileile ambayo katika misuli hukunja mkono wako. Miosini hushika nyuzi mbili za aktini na kuzivuta zipishane. Seli inapotambaa, mbele inatoa kichomozo, kichomozo kinashika sakafu kwa protini za kunata, miosini inavuta mwili wa seli kuufuata, nyuma inaachia. Kisha mzunguko unaanza upya. Mwendo ni wa polepole mno, mikromita chache kwa saa, lakini kwa siku kadhaa mikromita hizo zinatosha kuifikisha seli kileleni.

Ndani ya seli hiyohiyo, wakati kwa chini aktini inafanya kazi ya kutambaa, kwa juu inafanya kazi nyingine kabisa. Sehemu ya juu ya seli imejaa maelfu ya vinyweleo vidogo, kila kimoja kikiwa na urefu wa mikromita moja hivi na upana wa sehemu yake ya kumi, vilivyopangana kwa karibu sana. Ndani ya kila kinyweleo kuna kifungu cha nyuzi za aktini 20 hadi 30 zilizofungwa pamoja na protini kama vilini. Ndivyo vinavyotoa nafasi ya kumeng'enya na kufyonza. Seli inapotoka kishimoni vinyweleo vyake ni vifupi na vichache. Inavyopanda ndivyo vinavyorefuka na kujipanga. Inajenga upya sehemu ya juu na kutambaa kwa sehemu ya chini kwa wakati mmoja.

Ikishindikana kujenga hapo juu, matokeo ni mabaya. Upo ugonjwa nadra wa watoto wachanga ambao vinyweleo havijengeki vizuri juu ya seli na vingine huonekana vimejikunja ndani yake. Mtoto huharisha sana tangu siku za kwanza za maisha na hawezi kuishi kwa kunyonya peke yake. Hulishwa kwa mshipa. Mwaka 2008 wanasayansi waligundua kwamba chanzo chake mara nyingi ni hitilafu katika jeni ya MYO5B, inayotengeneza aina ya miosini inayosaidia kupeleka mizigo juu ya seli. Kasoro katika protini moja ya kiunzi inaunyima utumbo wote uwezo wa kufyonza.

Kuondoka bila kuacha tundu

Kama seli bilioni 40 huanguka kila siku, mbona hatuvuji kwa matundu bilioni 40?

Seli jirani zimefungwa pamoja karibu na vichwa vyake kwa mikanda ya protini. Nyuma ya mkanda huo, ndani ya kila seli, kuna pete ya aktini na miosini. Seli inapokaribia kuondoka, majirani zake hujenga pete ya pamoja kuizunguka kwa chini, kisha huikaza. Pete inavyokaza inaisukuma seli juu na nje, na wakati huohuo inawavuta majirani wakutane chini yake. Mkanda wa kuziba nao hushuka ubavuni mwa seli inayotoka. Seli inapoanguka, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa.

Jody Rosenblatt na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba seli inayokufa ndiyo inayotuma ishara ya kuwaamsha majirani waanze kujenga pete. Baadaye ikaonekana kwamba hata seli hai hutolewa hivyo pale msongamano unapozidi.

Jeraha kubwa kidogo huzibwa kwa njia nyingine. Vidonge vya kutuliza maumivu kama aspirini na ibuprofeni vinaweza kuchubua utando, vivyo hivyo maambukizi. Pakichubuka, seli za kando ya kidonda hulainisha kiunzi chao, huacha umbo refu la wima na kuwa bapa, hutoa vichomozo vipana na kutambaa juu ya sehemu iliyo wazi. Kazi hii huanza ndani ya dakika na inaweza kumalizika kwa saa chache ikiwa mchubuko ni mdogo, kabla hata seli mpya hazijazaliwa. Kwanza funika, kisha ongeza, kisha rudisha umbo. Kidonda kirefu kilichopita utando na kuingia ndani ya ukuta ni habari nyingine; hicho huchukua wiki na huhitaji matibabu.

Vijidudu vinavyoijua siri hii

Baadhi ya bakteria hushambulia kwa kukiteka kiunzi chenyewe. Salmonela huidunga seli protini zinazowasha swichi za Rac na Cdc42, seli ikatoa mikunjo mikubwa na kummeza adui yake kwa mikono yake. Shigela, anayesababisha kuhara damu na anayeweza kuambukiza kwa bakteria wachache kama 10 hadi 100, akiingia ndani hukusanya aktini ya seli mgongoni mwake, nayo ikijengeka inamsukuma kama mkia hadi anatumbukia seli ya jirani bila kutoka nje. Aina fulani ya E. coli inayoharisha watoto wadogo huipandikiza seli kipokezi cha bakteria mwenyewe, kisha hukalia jukwaa la aktini ambalo seli imelazimishwa kulijenga. Vinyweleo vilivyokuwa hapo hupotea.

Clostridioides difficile, anayejulikana kwa kuleta kuhara baada ya matumizi ya antibiotiki, hufanya kinyume. Sumu zake huzizima swichi za Rho kwa kuzibandika molekuli ya sukari. Kiunzi kinaporomoka, seli inakuwa duara, mikanda kati yake na jirani inalegea.

Kipindupindu sikukiweka katika orodha hiyo makusudi, ingawa watu wengi hudhani nacho huharibu ukuta. Sumu yake hulazimisha seli zimwage chumvi na maji, lakini utando kwa sehemu kubwa unabaki mzima na mlango wa kuingizia sukari pamoja na sodiamu unaendelea kufanya kazi. Ndiyo sababu mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi kwa vipimo sahihi huokoa maisha ya mgonjwa wa kipindupindu: unapita kwenye mlango ambao ugonjwa haukuufunga.

Je, utumbo unaovuja ni kweli?

Kuna ukweli ndani yake, na kuna biashara iliyojengwa juu ya ukweli huo. Mikanda kati ya seli hulegea na kukaza katika hali ya kawaida kabisa. Sukari inapofyonzwa baada ya mlo, pete ya aktini na miosini hujivuta kidogo, nafasi kati ya seli zinafunguka kiasi, na maji yenye virutubisho yanapita. Kulegea huko ni sehemu ya kazi ya utumbo. Katika magonjwa kama siliaki (utumbo kudhurika kwa gluteni, protini ya ngano) na Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) upenyezaji huo huzidi, na unaweza kupimwa kwa kumnywesha mgonjwa aina mbili za sukari zisizotumiwa na mwili na kuangalia kiasi kinachotokea kwenye mkojo.

Lakini kutoka hapo hadi kudai kwamba kila mchovu ana tundu la utumbo linalozibwa kwa unga fulani ni kuruka mbali mno. Tundu halisi kwenye ukuta wa utumbo ni dharura ya upasuaji: maumivu makali ya ghafla, tumbo gumu, homa. Mwenye tundu hilo hakai kusoma matangazo. Na mtu mwenye damu kwenye kinyesi, anayepungua uzito bila sababu, au anayeharisha kwa wiki kadhaa, anahitaji kuchunguzwa siliaki, maambukizi, uvimbe wa utumbo au saratani. Jina la jumla la utumbo unaovuja linamchelewesha, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi katika biashara hii.

Swali jingine huulizwa sana: kama seli huishi siku 5 tu, saratani inapata wapi muda? Inaupata kwa seli shina, ambazo hazisafiri. Katika saratani nyingi za utumbo mpana, takriban 8 kati ya 10, jeni iitwayo APC imeharibika. Protini yake ina kazi mbili zinazokutana hapa: huizuia ishara inayoamuru seli kugawanyika, na hushikana na vijirija vya kiunzi. Ikikosekana, seli zinaendelea kugawanyika na kubaki kishimoni badala ya kupanda kwenda kuanguka. Zinarundikana, kinaota kinyama, na kwa kawaida huchukua miaka mingi kabla kinyama hicho hakijageuka saratani. Uchunguzi wa kamera unaokiondoa mapema unaivunja safari hiyo katikati.

Na wale walio katika matibabu ya saratani, ya aina yoyote, hukutana na utando huu kwa njia nyingine. Dawa nyingi za kuua seli zinazogawanyika haziwezi kutofautisha seli ya uvimbe na seli ya kishimo. Zile za kwenye kijidole hazigawanyiki, kwa hiyo siku ya dawa hazidhuriki sana. Zinaendelea kupanda na kuanguka kama kawaida, ila chini hakuna zinazokuja kuchukua nafasi. Vijidole vinafupika siku hadi siku. Ndiyo maana kuhara na vidonda mara nyingi hutokea siku kadhaa baada ya dozi wakati mgonjwa alidhani amepona madhara, na kwa kawaida hupungua kadiri seli shina zilizosalia zinavyoanza tena kuzaa. Zipo dawa zinazoharisha ndani ya saa 24 kwa njia isiyohusu vishimo, irinotekani ikiwa mojawapo, na matibabu ya kuhara huko ni tofauti. Kwa hiyo mgonjwa anapompigia daktari wake kueleza kwamba anaharisha, siku na saa kuhara kulipoanza ni taarifa muhimu sawa na idadi ya mara alizokwenda chooni.